Shuka Juu ya Kizimba

Siku ya mnada mjini Karatu mtu hawezi kupiga hatua tatu bila kukanyagwa, na Verediana alikuwa amekanyagwa mara nne kabla hajafika kwa muuza wavu. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe, mabega ya puto, mkanda kiunoni, na raba ambazo asubuhi zilikuwa nyeupe. Mbuzi walilia huku, spika ya muuza dawa za minyoo ikapayuka kule, na moshi wa nyama choma ukapita katikati ya watu wote bila kuomba njia.

"Nipe wavu wa matundu madogo," alisema. "Madogo kabisa, kidole kisipite."

"Wa vifaranga?"

"Wa panya."

"Dada yangu, panya hawekewi wavu, anawekewa sumu. Iko pale kwa mzee mwenye kofia."

"Hawa ni wangu. Nawafuga."

Kicheko kilichofuata kilifika mpaka kwa wauza ng'ombe. Mama mmoja wa nyanya alijipiga msalaba, mwenzake akasema hao si panya, hayo ni mambo ya kishirikina. Damu ilimchemka Verediana. Jamani, mtu anafuga kuku anayedonoa uchafu mtaroni, kesho anamchinja na kulamba vidole, haulizwi. Mtu anafuga mbwa mwenye kupe mpaka kwenye kope, haulizwi. Lakini mwanamke wa Rombo akifuga panya wawili wanaojisafisha kutwa nzima kuliko wapangaji wenzake, basi mnada wote unasimama!

"Samahani," ilisema sauti nyuma yake. "Huo wavu ni wa kuwazuia wao wasitoke, au wa kumzuia mtu asiingie?"

Aligeuka akiwa tayari kwa vita. Alikuwa kijana mrefu, suruali na shati la kaki la waongoza wageni, miwani ya jua juu ya kichwa, na shuka nyekundu yenye miraba myeusi begani.

"Ni wa kumzuia kila anayecheka."

"Mimi sijacheka."

"Macho yako yamecheka."

"Macho ni ya mama yangu, yuko Enguserosambu. Ukitaka kuyashitaki nitakupeleka, ila barabara ni mbaya." Akachukua lile robota la wavu, akaliweka begani juu ya shuka. "Wanaitwa nani?"

"Nani?"

"Hao panya. Si wana majina?"

Verediana alimtazama vizuri. Tangu ahamie Karatu kuja kushona sare za hoteli za watalii, watu walikuwa wamemuuliza kama haogopi tauni, kama ana akili timamu, kama ndiyo sababu hajaolewa. Majina hakuna aliyewahi kuuliza.

"Kunde na Choroko," alisema, na sauti yake ikawa imeshapoa kabla hajaiamuru.

Kijana huyo aliitwa Parmuat. Kabla hawajafika kwa fundi wa kuchomelea alikuwa ameshajua yote: kwamba Verediana aliwahi kufanya kazi ya kulisha na kuwasafishia panya wa utafiti kwenye chuo kimoja Morogoro, kwamba utafiti ulipokwisha ikaamuliwa panya waliobaki wauawe, na kwamba yeye aligomba na kila mtu mpaka mlinzi wa getini, halafu akaondoka na wawili ndani ya kikapu cha ndizi. Wote majike. Panya hana miaka mingi, labda miwili, labda mitatu. Alitaka hiyo michache iliyobaki waimalize kwa amani.

"Sidai," alisema Parmuat kwa Kimasai. "Umefanya vizuri."

Basi mapenzi yakaanza, na kwa sababu Parmuat alikuwa porini siku nyingi kuliko nyumbani, mengi yalipita kwenye simu. Huko Ndutu porini mtandao ulipatikana juu ya kilima kimoja tu, na jioni madereva wote walipanda hapo kuwapigia wake zao, kila mmoja akijifanya hasikii ya mwenzake.

"Mama Panya."

"Niambie, Baba Vumbi. Umekula?"

"Nimekula. Leo tumeona duma na watoto watatu, wageni wakalia machozi. Nikawaambia hamjamwona Choroko wangu akilala chali."

"Choroko wangu mimi."

"Wetu basi, mpenzi. Mbona unamshika hivyo, namchukua kwenda naye wapi?"

Miezi miwili ilipita hivyo. Halafu Jumapili moja Verediana alikwenda chumbani kwa Parmuat kumpelekea koti alilomrekebishia zipu, akamkuta amekaa kitandani, na juu ya mto, miguu imekunjwa vizuri, paka wa rangi ya machungwa anamtazama kana kwamba amekuja kuomba saini.

"Huyu ni nani?"

"Anaitwa Diwani."

"Miezi miwili!" Verediana alilitupa koti. "Miezi miwili unanibembeleza, unawasalimia wanangu kwa simu, kumbe unalala na paka!"

"Ulitaka nianze na paka? Pale mnadani ungenipa hata jina lako?"

"Nisingekupa!"

"Ndiyo maana."

Alinuna siku tatu. Ya nne akampigia, si kusamehe bali kutoa masharti, maana hakukuwa na dalili ya mmoja wao kumtupa mnyama wake, na Parmuat alishaanza kutaja neno ndoa. Akamsimamisha katikati ya sebule yake, yeye mwenyewe na futi ya kupimia shingoni kama mwalimu wa zamu, Judith, fundi mwenzake, akisikiliza kutoka kwenye cherehani.

Kizimba kitakaa chumbani juu ya rafu, si sakafuni. Pande tatu zitazibwa kwa maboksi, ili Kunde na Choroko wawe na upande mmoja tu wa kuangalia. Ndani kutakuwa na chungu kilichovunjika mdomo, cha kujificha. Diwani atabaki sebuleni, atalishwa kwanza ashibe, ndipo panya walishwe, saa ile ile kila siku. Mlango utafungwa kwa komeo, na komeo litafungwa kwa kamba. Na yeyote aliyemgusa Diwani haingii humo mpaka anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko na abadili shati.

"Shati pia?"

"Panya anaishi kwa pua. Hana haja ya kumwona paka. Akimnusa tu, kwake yeye paka ameshaingia."

Parmuat alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kwa kuwa hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini. "Hata swala ni hivyo hivyo," alisema. Akaomba nyundo, akapiga msumari pembeni ya mlango, akatundika shati kuukuu la kaki lililopasuka kwapa. Wakaliita shati la panya.

Tangu hapo, kila alipokwenda safari alimwacha Diwani kwa Verediana, na kila aliporudi alisimama karaini ananawa kama daktari wa upasuaji kabla ya kuingia kusalimia. Miezi mitatu hapakuwa na tatizo. Diwani alilala juu ya vipande vya vitenge chini ya cherehani, Choroko akalala chali kwenye chungu chake, na ukuta mmoja ukatosha kuwapatanisha. Wazee wa Parmuat walipanga kutoka Enguserosambu kwenda Rombo kupeleka posa Jumamosi moja ya mwezi wa saba.

Siku kumi na moja kabla ya Jumamosi hiyo, Parmuat alipata wageni wa siku saba. Alfajiri ya kuondoka ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Akaivua ile shuka begani, akamzungushia Verediana.

"Baridi ya mwezi wa saba haina adabu. Jifunike hii. Ukiikumbatia, ni mimi."

"Maneno yako matamu kama umeyakariri."

"Nimeyakariri. Nimeanza tangu Jumatatu."

Aliingia chumbani mara moja kuchukua chaja yake, akatoka, akaondoka. Verediana aliikandamiza shuka puani. Ilinukia moshi, ilinukia vumbi la Ndutu, ilimnukia Parmuat. Kingine hakunusa. Jioni, alipoona Kunde na Choroko wamejikunja pamoja kwa baridi, moyo ukamjaa huruma na mapenzi kwa pamoja. Akaikunja shuka mara mbili, akakifunika kizimba, akaacha nafasi ya hewa.

"Mfahamuni baba yenu," aliwaambia.

Siku ya tatu Choroko hakugusa chakula. Siku ya tano Kunde alikuwa amekakamaa ndani ya chungu, manyoya yamesimama, na kuzunguka macho yake kuna wekundu kama damu. Verediana aliyajua yale machozi tangu Morogoro. Ni machozi ya panya aliyeingiwa na hofu isiyomwacha.

"Diwani ameingia humu," alisema.

Judith alisimamisha cherehani. "Mimi nilimwona kalala hapo mlangoni, siku ile niliyowahi kazini, shemeji alipoingia kuchukua chaja."

Ikatosha. Wateja wawili walikuwa wanapimwa sketi, lakini Verediana hakujali; alipiga simu na kuiweka mezani kwa sauti ya wazi, maana mikono yake ilimshika Kunde.

"Mama Panya, habari za jioni."

"Uliacha mlango wazi. Umemwingiza paka wako kwa wanangu."

"Nini? Hapana, mpenzi. Nilifunga. Nikafunga na kamba. Hata lile shati nililivaa."

"Usiniite mpenzi. Choroko hali, Kunde analia damu! Mwongo!"

Kwenye simu ulisikika upepo, na nyuma ya upepo wanaume wakicheka.

"Rudia," alisema Parmuat. "Wenzangu huku kilimani kuna ambao hawakusikia vizuri."

"Mwongo! Umeniletea uongo na paka nyumbani kwangu. Na wazee wako wasiende Rombo, sikutaki!"

Parmuat alirudi siku mbili baadaye, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaishia barazani. Akamwita Diwani, akamtia kwenye boksi.

"Wazee nimewazuia," alisema. "Kama ulivyotaka."

"Vizuri."

"Hukuniuliza, Verediana. Uliniambia. Hujawahi kuniona naingia humo bila kunawa, hata mara moja, na bado hukuniuliza." Alimwita kwa jina lote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka na boksi lake.

Mama yake Verediana, kule Rombo, alipopigiwa simu alikuja juu kuliko wote. "Wasije? Ndizi zimeshapikwa, ulezi umeshaota, mbege Jumamosi inanyweka! Mimi nimwage mbege kwa sababu ya mnyama wa darini?"

"Imwage, mama."

"Simwagi! Kama hakuna mkwe, nitawaita majirani wainywe huku nikiwaeleza ujinga wako." Akakata.

Sasa Diwani hayupo, na sakafu imesuguliwa kwa sabuni mara tatu, panya walipaswa kutulia. Hawakutulia. Walizidi. Na kila jioni Verediana, na hasira zake zote, aliifunika ile shuka juu ya kizimba, akijiambia kwamba shuka haina kosa. Mwenye shuka alimfukuza; kuitupa shuka yenyewe ilimshinda.

Alhamisi mchana jua lilitoka. Akaitoa shuka kwenda kuianika kambani, na kama fundi yeyote anayeshika nguo, akachukua brashi akaanza kuipiga. Brashi ikarudi na kitu. Fundi anajua uzi, na ule haukuwa uzi. Ulikuwa unyoya mfupi, wa rangi ya machungwa. Akapiga tena, yakaja mengi. Akaitandaza juani, akaona katikati ya miraba, mahali palipofifia kwa kulaliwa, duara kamili la manyoya ya Diwani.

Verediana aliketi kwenye ngazi. Paka alikuwa ameingia chumbani, kweli. Aliingia kila jioni, amebebwa kwa mikono miwili na yeye mwenyewe, akafunikwa juu ya vichwa vya Kunde na Choroko, na juu yake maneno ya mapenzi.

Kwanza alimkasirikia Diwani kwa kulala hovyo. Akaikasirikia baridi, akamkasirikia Judith na habari zake za chaja, akamkasirikia Parmuat kwa kuwa mtu mzima anayelala kitanda kimoja na paka. Alipowamaliza wote akabaki yeye. Alipoinua macho, shati la panya lilikuwa bado kwenye msumari wake, kwapa limepasuka. Mwanamume aliyelivaa alishika kila sharti. Aliyeyatunga ndiye aliyeyavunja.

Akaosha kizimba kwa maji ya moto, akachoma maboksi yote, akafunika blanketi safi. Saa tisa Kunde alitoa pua nje ya chungu. Saa tisa na nusu Choroko alichukua kipande cha hindi. Verediana alilia kidogo, kwa hasira, halafu akavuka barabara mpaka kwenye uzio wa jirani yake, Mchaga mwenzake, akakata jani moja refu la isale, akalifunga fundo.

"Unampelekea Mmasai isale?" Judith alishangaa. "Atadhani ni mboga."

"Atajua leo."

Kwenye yadi ya magari ya watalii madereva walikuwa wanaosha magari, kumi au zaidi, redio inapiga, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Walipomwona anakuja na aproni ya kazi na jani mkononi, miluzi ikaanza. Parmuat, ndani ya mabuti ya mvua, aliendelea kulimwagia maji gurudumu.

"Parmuat."

"Karibu, dada. Umeleta gari?"

"Usiniite dada."

"Na mpenzi ulikataza. Nibaki na lipi?"

Alimnyooshea jani. "Hili ni isale. Kwetu mtu akikosa anampelekea aliyemkosea. Na anayepelekewa hakatai."

"Hata kama ana haki ya kukasirika?"

"Hata kama anayo."

"Sheria nzuri sana kwa mkosaji," alisema Parmuat, na hakulipokea.

Verediana aliinua sauti. "Nilikuita mwongo na hawa wenzako wakasikia. Basi wasikie na hili. Paka hakuingia kwa mlango wako. Nilimwingiza mimi, kwa shuka yako, niliwafunika nayo. Wewe hukukosea kitu. Na wewe unayecheka hapo nyuma, mkeo angekuwa na ujasiri wa kuja hapa?"

Aliyecheka aliinamia ndoo yake. Parmuat sasa alikuwa amemgeukia Verediana, na yale macho ya mama yake hayakuwa na kicheko.

"Unajua kilichoniuma? Miezi mitatu nanawa mpaka viwiko. Nalivaa lile shati linanifanya mfungwa. Hawa wananiita mume wa panya, sisemi kitu. Siku moja tu wameugua, hukuniuliza hata swali moja! Ungeuliza, ningekuambia Diwani analalia shuka ile tangu hajafungua macho. Nilikupa ujifunike wewe, Vere, si uwafunike panya!"

"Niliwafunika kwa sababu ni yako!" alijibu Verediana. "Ningewafunika na nini kingine?"

Maji yaliendelea kumwagika chini bila mtu kuyashughulikia.

"Kwetu si jani hilo," alisema Parmuat hatimaye, polepole. "Kwetu anayeomba amani anashika nyasi mbichi."

Verediana aliinama ukingoni mwa mtaro, akang'oa fumba zima la nyasi, mizizi na tope pamoja, akalisukuma kifuani kwake juu ya lile jani. "Haya, na nyasi zako hizo! Nikuletee na nini tena, ndama?"

Madereva waliangua kicheko, na safari hii Parmuat alikuwa wa kwanza. Akafunga bomba. Akapokea jani, akapokea nyasi, tope likamchuruzika mpaka kwenye mkanda.

"Mbege keshokutwa inanyweka," alisema Verediana kwa sauti ndogo. "Mama amekataa kuimwaga. Na wazee wako umeshawazuia."

"Sijawazuia."

"Uliniambia umewazuia."

"Nilikuambia. Wameondoka Enguserosambu leo alfajiri. Usiku wanalala kwangu, kesho Rombo."

Verediana alimkodolea macho. "Kwa hiyo ulinidanganya! Ulisimama barazani kwangu ukanidanganya!"

"Uliniita mwongo na sikuwa nimedanganya hata neno," alisema Parmuat. "Nikaona nisionewe bure."

Saa kumi na moja jioni alifika kwa Verediana, peke yake, Diwani kamwacha kwake. Aliketi kwenye ngazi akanawa hadi kwenye viwiko, akavua shati lake, akavaa lile la panya, akalegeza kamba, akafungua komeo. Kunde alikuwa mlangoni mwa kizimba, macho safi. Akaja mpaka kwenye vidole vyake, akavinusa kimoja kimoja, akachukua punje ya karanga.

Verediana, aliyejifunika ile shuka ya Parmuat mabegani kwa sababu ya ukungu, akapiga hatua kuingia.

"Simama hapo," alisema Parmuat bila kugeuka. "Umevaa nini?"

"Nimevaa... Parmuat, hiki ni chumba changu!"

"Na sheria ni zako. Vua, tundika kwenye msumari, halafu ukanawe."

Verediana alisonya. Akaivua shuka, akaitundika msumarini palipokuwa na shati, akaenda karaini kutafuta sabuni.